Spesialite ya meno: jina la chuo halitoshi, mwenye kutoka mashariki aangalie nini?

Kila mwaka, vijana wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Uvira waliomaliza masomo ya uganga wa meno wanajikuta mbele ya swali moja: waende kusomea spesialite wapi? Wamoja wanatazama Kinshasa, wengine Kampala ao Dar es Salaam, wengine tena wanatafuta namna ya kufika India, Moroko ao Ufaransa. Ukitazama haraka, hilo ni jambo la kijana mwenyewe na jamaa yake inayouza kiwanja ili alipe masomo. Lakini matokeo yake yanafika mbali: kwa mama wa Walikale mwenye mtoto aliyevimba shavu, kwa mwenye pikipiki wa Bunia aliyevunjika taya, kwa mzee wa Fizi ambaye kidonda chake cha mdomo hakiponi. Hao ndio watakaopata muganga, ao watamukosa, kufuatana na chaguo lile.

Upungufu ni mkubwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 juu ya afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilionyesha kwamba watu karibu miliari 3,5 duniani wana ugonjwa wa kinywa, na kwamba kanda ya Afrika ina waganga wa meno 0,33 tu kwa kila watu 10 000, maana yake watatu hivi kwa watu laki moja. Wastani wa dunia unapita huo karibu mara kumi. Na hesabu hiyo ni ya waganga wa meno wote pamoja. Spesialisti ni wachache zaidi, na wengi wao wanabaki katika miji mikubwa.

Ndiyo maana anayechagua programu, na zaidi sana hospitali, kanisa ao jamaa inayomulipia, wanapaswa kuuliza maswali ambayo mara nyingi hayaulizwi. Watu wanaanza na jina la nchi. «Amesoma Ulaya» inasikika vizuri masikioni kuliko «amesoma Muhimbili». Lakini jina la nchi halishiki kisu. Swali linalostahili kuja mbele ni hili: katika muda wa programu, mwanafunzi atatibu wagonjwa wangapi kwa mikono yake mwenyewe, na je, wagonjwa hao wanafanana na wale atakaowakuta nyumbani?

Wagonjwa wa huku

Muganga wa meno wa kawaida anang'oa jino, anaziba, anasafisha, anaweka meno ya bandia. Kuna magonjwa yanayopita uwezo wake, na huku mashariki magonjwa hayo yana sura yake.

Vita inaleta risasi na vipande vya bomu usoni. Pikipiki, ambayo imekuwa usafiri wa kila mtu, inaleta mataya yaliyovunjika, kwani wengi wanaendesha bila kofia. Kuna uvimbe wa taya unaokua polepole bila maumivu, kama ule waganga wanaouita ameloblastoma: mgonjwa anauzoea, anaufunika na kitambaa, na siku anafika hospitalini, upande mzima wa taya unapaswa kukatwa. Kuna watoto wanaozaliwa na mdomo uliopasuka. Kuna noma, kidonda kinachokula uso wa mtoto mwenye njaa na aliyedhoofika na magonjwa mengine. OMS iliiingiza kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwezi wa 12 mwaka 2023.

Tena kuna limfoma ya Burkitt, kansa ya watoto ambayo mara nyingi inaanzia kwenye taya. Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala, ndiye aliyeieleza mwaka 1958. Dawa yake kubwa si kisu, ni madawa ya kansa, na yakianzishwa mapema watoto wengi wanapona. Muganga asiyeijua anaona meno ya mtoto yanatikisika, anayang'oa, anampa antibiotiki, anamurudisha nyumbani. Wiki tatu zikipita hivyo, ni wiki ambazo mtoto hakuwa nazo. Kwa ugonjwa huo, kujua kutambua kunapita kujua kukata.

Upande mwingine kuna shida za watu wengi ambazo haziui lakini zinaharibu maisha. Karibu na volkeno za Virunga maji ya pahali pengi yana fluori nyingi kupita kiasi, na watoto wanakua na meno yenye madoa ya kahawia ambayo watu wanadhani ni uchafu. Kuna pia ile desturi ya kung'oa vijino vya mtoto mchanga kabla havijatoka, kwa kusema ndivyo vinavyoleta homa na kuhara. Uganda wanaviita ebiino, Tanzania wanasema meno ya plastiki, na huku kwetu pia desturi hiyo inajulikana. Kinachofanya kazi hiyo ni kisu kisichochemshwa, ndani ya ufizi wa mtoto wa miezi mitano.

Mwenye kutazama wagonjwa hao anaona mwenyewe ni spesialite gani zinaombwa zaidi: upasuaji wa kinywa, taya na uso kwanza, halafu meno ya watoto, katika nchi ambamo karibu nusu ya wakaaji hawajafikisha miaka 15, halafu afya ya jamii upande wa kinywa, ambayo haina sifa yoyote kwa vijana kwa sababu haifungui kabineti.

Na ortodonsia, ile ya kunyoosha meno na nyuzi za chuma? Vijana wengi wanaipenda, na si vibaya. Ndani ya mji mkubwa inaweza kulisha mwenye kuifanya. Lakini inaomba mgonjwa arudi kila mwezi kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, miaka miwili, wakati mwingine zaidi. Katika eneo ambamo watu wanakimbia kwa usiku mmoja, mtoto anaweza kujikuta Bujumbura ao Nakivale na chuma mdomoni bila mtu wa kukitoa. Mtu akichagua ortodonsia, achague akijua hilo, na asiseme baadaye kwamba hakuna wagonjwa.

Kuna mfano mmoja ambao watu wa Kivu ya Kusini wanaujua, hata kama si wa meno. Denis Mukwege alisomea uganga Burundi, na alitaka kuwa spesialisti wa watoto. Mwaka 1983 akaanza kazi kwenye hospitali ya Lemera, katika milima ya Uvira. Pale aliona akina mama wanafika wakivuja damu baada ya kuzaa, wengine wamekwisha chelewa. Ni hapo alibadilisha mawazo, akaenda kusomea magonjwa ya wanawake na uzazi kule Angers, Ufaransa, akarudi Lemera mwaka 1989. Panzi ilikuja nyuma, mwaka 1999. Mpango ulikuwa huu: kufanya kazi kwanza, kuona ni nini kinachoua watu, halafu kuchagua. Vijana wengi wa leo wanataka kufanya kinyume, kutoka kwenye kiti cha chuo kikuu mpaka kwenye kiti kingine, bila kupitisha hata mwaka mmoja katika hospitali kuu ya teritware.

Kazi moja, milango tofauti

Kuna jambo linalowapotezea watu miaka, na linapaswa kuelezwa vizuri. Upasuaji wa taya na uso hauingiwi kwa mlango mmoja katika kila nchi.

Ufaransa, spesialite hiyo iko upande wa udaktari wa kawaida. Anayeisomea ni daktari wa tiba, si muganga wa meno. Muganga wa meno pale anafungukiwa spesialite ingine inayoitwa upasuaji wa kinywa, ambayo inaishia mbele kidogo ya kazi kubwa za uso. Ubelgiji na Uingereza zinaomba diploma mbili pamoja, ya udaktari na ya meno. Mtu anayetoka Bukavu na diploma ya meno, akitumaini kurudi mpasuaji wa taya kutoka Brussels, anaweza kufika pale na kuambiwa aanze udaktari mwanzo.

Kwenye nchi za Afrika Mashariki zinazosomesha kwa Kiingereza mambo ni tofauti. Makerere kule Kampala, chuo kikuu cha Nairobi, na MUHAS, chuo kikuu cha uganga cha Muhimbili kule Dar es Salaam, wanamupokea mwenye diploma ya meno moja kwa moja katika masomo hayo. Afrika Kusini na India vilevile. Kwa hiyo kwa muganga wa meno anayetaka kufanya kazi ya taya na uso, mlango wa karibu ndio pia mlango ulio wazi. Hiyo ni bahati ambayo wengi hawaijui kwa sababu macho yao yamezoea kutazama upande wa lugha ya Kifaransa tu.

Kinshasa, Kampala, Dar es Salaam

Kinshasa ina faida moja ambayo hakuna mji mwingine unayo: diploma ni ya nchi. Aliyemaliza chuo kikuu cha Kinshasa, UNIKIN, hatahitaji kutafuta ekivalansi kwa wizara. Anasoma kwa Kifaransa, anajulikana na maprofesa ambao kesho watakuwa wenzake, na akitaka kufundisha, njia iko pale. Matatizo yake wakaaji wa mashariki wanayajua. Hakuna barabara ya kufika. Ni ndege, na tangu uwanja wa Goma ulipofungwa mwezi wa kwanza 2025, wakati mji ulipoangukia mikononi mwa M23, wasafiri wengi wamelazimika kuzunguka na Rwanda, Uganda, Beni ao Bunia ili kufika mji mkuu wa nchi yao. Mwanafunzi anayetaka kurudi kuzika mzazi anahesabu feza ya miezi mingi. Na mgonjwa wa Kinshasa anaeleza maumivu yake kwa Lingala. Wengi wa mashariki wanaijifunza, lakini inachukua muda.

Kampala ni karibu. Kwa mtu wa Butembo, kupita Kasindi, ni safari ya basi. Kwa mtu wa Ituri ni vile vile kupitia Mahagi. Makerere iko bega kwa bega na hospitali ya Mulago, ambako wagonjwa wa uvimbe wa taya wanatumwa kutoka Uganda nzima, na wengine kutoka Kongo. Pale ndipo kazi ya Burkitt ilianzia. Kwa wingi wa kesi, mwanafunzi hawezi kulala njaa. Lakini darasa ni Kiingereza na mgonjwa anasema Luganda. Mkongomani anayefika na Kifaransa chake anapambana na lugha mbili kwa mara moja: ya profesa asubuhi, ya mgonjwa muda wote unaobaki.

Dar es Salaam ni mbali zaidi, lakini ina kitu ambacho watu hawakihesabu kwenye bei. Mgonjwa wa Muhimbili anaongea Kiswahili. Muganga kutoka Uvira ao Bunia ataongea naye tangu siku ya kwanza: tangu lini kinauma, nani alikishika, ulikunywa dawa gani ya miti. Atacheka kidogo na Kiswahili cha huku na huku, «muganga» pale wanaweza kuelewa ni wa kienyeji, lakini ndani ya wiki mbili mambo yanakaa sawa. Katika kazi ya kinywa, nusu ya kutambua ugonjwa inatoka kwa maneno ya mgonjwa. Anayesoma Rabat atahitaji Kiarabu cha Moroko kwa wagonjwa, anayesoma Dakar atahitaji Wolof, na India kila jimbo lina lugha yake. Kiingereza bado kinabaki kikwazo kwa masomo ya MUHAS na mtihani, na hapo hakuna njia ya mkato: miezi sita ya Kiingereza kabla ya kuondoka, siyo baada ya kufika. Kwa wakaaji wa Uvira, Fizi na Kalemie, ziwa Tanganyika na Kigoma vinafanya Dar es Salaam isiwe mbali kama ramani inavyoonyesha kwa mtu wa Bunia.

Mbali zaidi, vyuo vikuu vya Dakar na Abidjan vina masomo ya spesialite ya meno kwa Kifaransa, yenye heshima, na yanafaa hasa kwa yule anayetaka ortodonsia, proteze ao meno ya watoto bila kubadilisha lugha ya masomo. Moroko ina vitivo viwili vya zamani vya meno vya serkali, Rabat na Casablanca. India inatoa masomo ya miaka 3 katika spesialite nyingi kuliko karibu nchi zote ambazo Wakongomani wanazifikiria. Lakini vyuo vyake ni vingi, vya serkali na vya watu binafsi, na tofauti kati ya kizuri na kibaya ni kama tofauti ya mchana na usiku. Pale hasa ndipo swali la wagonjwa wangapi kwa mikono yake linapaswa kuulizwa kwa nguvu, kwani chuo kinaweza kuwa na viti mia vinavyong'aa na wagonjwa wachache wa kuvikalia.

Kwa afya ya jamii, hakuna haja ya kutoka mbali. Kinshasa ina shule yake ya afya ya jamii, na Bukavu kuna ile ya chuo kikuu cha Kikatoliki. Muganga wa meno anaweza kuingia pale, na kazi yake ya mwisho ikawa juu ya maji ya fluori ao vijino vya watoto. Hiyo ni feza kidogo, na faida yake inagusa watu wengi kuliko operesheni moja moja.

Vyeti vinavyofanana kwa jina

Neno «master» limeleta mchanganyiko. Katika mfumo wa LMD ambao vyuo vya Kongo vimeingia, master ni daraja ya masomo. Lakini kwenye Afrika Mashariki, master ya meno inayofanyika hospitalini kwa miaka 3 ao zaidi ndiyo inayomufanya mtu kuwa spesialisti. Kuna tena master zinazofanyika kwa intaneti, za utafiti ao za uongozi wa afya, ambazo ni nzuri kwa kazi yake lakini hazimupi mtu ruhusa ya kufungua taya la mwenzake. Majina ni yale yale kwenye karatasi. Tofauti inaonekana katika mambo mawili: kama mwanafunzi alikuwa na daftari la operesheni lililotiwa sahihi na mwalimu kwa kila kesi, na kama ordre ya waganga ya nchi ile inamuandikisha kama spesialisti baada ya kumaliza.

Vilevile kule Ufaransa, CES si sawa na DES. CES ni cheti cha masomo maalum, kinaongeza ujuzi. DES ndiyo spesialite yenyewe. Mwanafunzi akiandika kwa jamaa kwamba amepata nafasi, jamaa iulize herufi zote tatu.

Na kuna zile formasyo za siku tatu, siku tano, za vis za titani zinazopandwa ndani ya mfupa ili kushika jino la bandia. Mtu anarudi na cheti chenye rangi ya dhahabu, anakitundika ukutani, na ubao wa kabineti unaandikwa «spesialisti». Mgonjwa hana namna ya kujua. Anayo haki ya kuuliza, bila kumudharau mtu: ulisomea wapi, kwa muda gani, umekwisha fanya ngapi?

Juu ya ekivalansi, aliyesoma inje anapeleka diploma yake kwa wizara ya masomo ya juu na ya chuo kikuu, ESU, mjini Kinshasa. Kazi hiyo inaanza kabla ya kuondoka, si siku ya kurudi: kuhakikisha chuo kinatambuliwa na serkali ya nchi yake, kuweka relevé za kila mwaka, kuweka programu ya masomo yenye muhuri. Tanzania, ni tume ya vyuo vikuu, TCU, inayopima diploma ya mgeni. Uganda, mwanafunzi wa kitabibu anapaswa kuandikishwa kwa muda na baraza la madaktari na waganga wa meno kabla ya kumugusa mgonjwa. Kwa diploma iliyoandikwa Kifaransa, tafsiri yenye muhuri inaombwa, na hiyo peke yake imewachelewesha watu muhula mzima.

Feza

Bei inayoandikwa na chuo ni sehemu tu ya bei. Mgeni mara nyingi analipa kuliko mwenyeji. Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwombaji anapaswa kuuliza kwa maandishi kama chuo kinamuhesabu kama mtu wa jumuiya ao kama mgeni wa mbali, kwa sababu tofauti inaweza kulipa nyumba yake ya mwaka. Aulize tena vyombo ni vya nani, utafiti wa mwisho unalipwa na nani, bima ni kiasi gani.

Jambo kubwa zaidi ni mshahara. Ufaransa, anayesomea spesialite kwa njia ya interne analipwa. Afrika Mashariki, mgeni anayejilipia kwa kawaida anafanya kazi hospitalini mchana na usiku bila mshahara, huku akilipa masomo. Kuna jamaa zinazohesabu kwamba kijana «atajitafutia kidogo kidogo» kwa kufanya kazi pembeni. Katika programu ya kweli ya upasuaji hakuna pembeni. Wanaoacha masomo katikati mara nyingi si kwa kushindwa darasani, ni kwa kukatikiwa feza mwaka wa pili. Afadhali kuchelewa mwaka mmoja mpaka feza ya miaka yote ipatikane ao iahidiwe kwa maandishi.

Wakati wa kurudi

Mpasuaji wa taya anayerudi bila chumba cha operesheni ni muganga wa meno mwenye deni. Kazi yake inaomba mtu wa anestezi anayejua kupitisha mpira wa hewa kwa pua, kwa sababu mdomo ndio unaofanyiwa kazi. Inaomba visahani na vis vya titani vya kufunga mfupa, radio inayoonyesha taya zima, umeme usiokatika katikati ya operesheni, na laboratwari ya kupima kipande cha uvimbe. Hicho cha mwisho kinasahauliwa mara nyingi, na bila hicho mtu anakata bila kujua anakata nini. Hospitali kama Panzi kule Bukavu, HEAL Africa kule Goma ao Nyankunde katika Ituri zina uzoefu wa upasuaji mzito. Hospitali kuu ya teritware kwa kawaida haina hata nusu ya vitu hivyo.

Ndiyo maana hospitali inayomutuma mtu inapaswa kumutuma na mkataba wa pande mbili. Mara nyingi mkataba unaandika upande mmoja tu: muganga atarudi na kufanya kazi miaka mitano. Hauandiki hospitali itamuwekea nini. Miaka inapita, muganga anarudi, anakuta kile kiti kilichovunjika alichokiacha, anavumilia miezi sita, na anaitwa Kigali, Lusaka ao kwa shirika moja la kigeni. Watu wanasema amekosa upendo kwa nchi. Lakini hakuna aliyenunua visahani vya titani.

Mkataba mzuri unaandika vyombo vitakavyonunuliwa na mwaka wa kuvinunua, mtu wa anestezi atakayetumwa kusoma wakati ule ule, muuguzi wa kusaidia, na mshahara wa kuanzia. Unaandika pia kwamba mwanafunzi atarudi nyumbani likizo moja ili kuona wagonjwa wanaomungojea na kuandika orodha yao. Vyuo kama Makerere na MUHAS vinaomba kila mwanafunzi afanye utafiti wa mwisho. Hakuna sababu utafiti huo usiwe juu ya mataya yaliyovunjika kwa pikipiki katika hospitali iliyomutuma, ikiwa kamati ya maadili ya pande zote mbili inakubali.

Kwa mwombaji mwenyewe, kabla ya kutuma dosye popote, kazi ya kwanza ni kumutafuta mtu aliyemaliza programu ileile katika miaka ya karibuni, Mkongomani kama yuko. Amuulize ni operesheni ngapi alizofanya akiwa yeye mwenyewe mshika kisu na ngapi alizotazama akiwa nyuma ya bega la mwalimu. Walikuwa wanafunzi wangapi wakigawana wagonjwa wale. Mwalimu alikuwa anafika ao alikuwa kwenye kabineti yake ya mjini. Na wale waliomaliza naye, leo wako wapi, wanafanya kazi gani. Tovuti ya chuo haina majibu hayo. Mtu huyo anayo, na simu moja ya dakika ishirini kwa WhatsApp inagharimu kidogo sana kuliko mwaka mmoja wa masomo yaliyochaguliwa vibaya.